Je, ni Dhuluma Kutoza 30 kwa Mia?



Jumapili moja baada ya ibada ya asubuhi kijana mmoja wa kwaya yetu alinijia chini ya mwembe, simu mkononi, uso umekunjamana. Kijana huyu ana kazi yake ya mchana, lakini usiku hutengeneza michezo midogo ya simu, ile ambayo watoto huicheza kwa vidole gumba mpaka chakula kinapoa. Akaniuliza, "Mzee, mtu akijenga soko, kisha akawa anachukua 30 katika kila 100 unayouza humo, je, hiyo si dhuluma?" Nikamwambia anipe muda. Nilidhani swali ni jepesi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa na meza sokoni miaka mingi na ushuru naujua. Kumbe sivyo. Nimezisoma habari za kesi kubwa za Marekani alizonitajia, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona ya kwamba sote wawili tulikuwa tumelishika swali kwa mkia.

Kwanza nieleze jambo lenyewe, maana si wote katika mtaa wetu wanaolijua. Katika nchi nyingi, mtu aliyenunua simu ya Apple hana njia ya kuweka programu ndani yake ila kupitia duka moja tu, nalo ni la Apple yenyewe. Duka hilo lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu 500 hivi, na tangu siku ya kwanza sharti lilikuwa hili: katika kila 100 anayolipa mnunuzi, 70 humwendea mtengenezaji na 30 hubaki kwa mwenye duka. Google, ambayo mfumo wake wa Android ndio uliomo katika simu za wengi wetu huku, ilishika kipimo hicho hicho katika duka lake. Ushuru huu hautozwi kila kitu. Anayeuza viatu kwa njia ya programu, au safari ya teksi, hatozwi. Hutozwa yule auzaye kitu kisichoshikika kwa mkono: muziki, gazeti la kusomea kwenye simu, na zaidi ya yote vitu vya michezoni, kama vazi la mpiganaji wa katuni au "maisha" ya ziada kwa mchezaji aliyeshindwa. Mwaka 2021 makampuni yote mawili yalipunguza: Apple ikatoza 15 kwa watengenezaji wasiofikisha dola milioni 1 kwa mwaka, na Google ikatoza 15 kwa dola milioni 1 ya kwanza ya kila mmoja. Nilipomwuliza kijana wetu kama dola milioni 1 amezifikisha, alicheka, akakiri ya kuwa yumo katika kundi la 15, lakini akasema hasira yake ni ya kanuni, si ya mfuko. Nilimsamehe.

Sasa, je, 30 ni nyingi? Sisi tuliozoea kuhimizwa habari ya sehemu ya kumi, na hata hiyo tunaitoa kwa kunung'unika, tutashtuka upesi. Lakini tusiwe wepesi mno. Watetezi wa Apple husema: sisi ndio tuliotengeneza simu, tukaifungua njia, tukakagua kila programu isiwe na wizi ndani yake, tukamletea muuzaji mdogo wateja wa dunia nzima ambao asingewapata kwa miguu yake. Hayo ni kweli. Kijana wetu anakaa hapa, na mchezo wake unaweza kuchezwa na mtu wa Brazil asiyejua hata jina la mji wetu. Njia ya namna hiyo ina thamani, na mwenye kuijenga anastahili ujira wake. Tatizo ni kwamba hakuna mizani ya kuupimia. Katika kesi nitakayoieleza, jaji aliona ya kuwa ile 30 haikupatikana kwa kupiga hesabu ya gharama za kuliendesha duka. Ilichaguliwa, ikakaa. Mtaalamu wa upande wa walalamikaji alikadiria kwamba faida ya duka hilo ilizidi 75 katika kila 100 ya mapato yake. Apple ilibisha, lakini jaji aliona makadirio yale yana msingi. Muuza nyanya akipata faida ya namna hiyo, sisi wengine tungekwenda kumwangalia mizani.

Lakini faida kubwa peke yake si wizi. Nakumbuka pale sokoni palikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na mashine ya kusaga, na bei yake ilituuma. Hakuna aliyemwita mwizi. Tulisema ni mgumu, basi.

Haya, twende kwenye kesi. Kampuni ya Epic Games ina mchezo mashuhuri uitwao Fortnite, na ndani ya mchezo huo mna sarafu ya kubuni iitwayo V-Bucks. Sarafu 1,000 zilikuwa zikiuzwa kwa dola 9.99. Tarehe 13 Agosti 2020 Epic ikafungua ndani ya programu yake mlango wa malipo wa kwake yenyewe: ukilipa kwa njia ya Apple, dola 9.99, ukitulipa sisi moja kwa moja, dola 7.99. Mlango huo ulikuwa umetiwa ndani ya programu bila Apple kuambiwa, hali mkataba uliukataza. Siku ile ile Apple ikaiondoa Fortnite katika duka lake, Google ikafanya vivyo hivyo, na siku ile ile Epic ikayashtaki makampuni yote mawili kwa ukiritimba. Hati za mashtaka zilikuwa zimekwisha andikwa. Hata filamu ya katuni ya kuidhihaki Apple ilikuwa imekwisha tengenezwa. Hapa nasimama kidogo, kwa maana vijana wengi humsifu Epic kama Daudi mbele ya Goliathi. Sijapata kusikia ya kwamba Daudi alitia saini mkataba na Goliathi kwanza, akaula miaka kadhaa, kisha akauvunja kwa siri ili apate sababu ya kupigana.

Kesi ya Apple ilisikilizwa mjini Oakland, California, mwezi wa Mei 2021, mbele ya Jaji Yvonne Gonzalez Rogers, naye akatoa hukumu tarehe 10 Septemba mwaka huo. Katika madai 10 ya Epic, 9 aliyakataa. Alisema ushahidi ulioletwa haukuthibitisha ya kuwa Apple ni mkiritimba kwa sheria ya Marekani, na kwamba kufanikiwa peke yake si kosa. Epic akaamriwa ailipe Apple 30 kwa mia ya mapato aliyoyakusanya kwa ule mlango wa siri. Lakini dai moja alilikubali, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Apple ilikuwa na kanuni nyingine, mbali na ile ya 30. Muuzaji alikatazwa kuweka ndani ya programu yake neno lo lote, wala kitufe cho chote, cha kumjulisha mnunuzi ya kuwa kitu kile kile kinapatikana mahali pengine kwa bei nafuu. Mlango wa pili ulikuwapo! Mtu angeweza kwenda kwenye kompyuta yake akanunua huko. Ila ndani ya duka ilikuwa marufuku kuutaja. Kampuni ya Netflix ilipoacha kuuza vitambulisho vyake kupitia Apple mwishoni mwa 2018, mteja mpya aliifungua programu ile akakuta mahali pa kuingilia tu, bila maelezo ya wapi pa kulipia. Spotify, kampuni ya muziki ya Sweden, ililalamika Ulaya mwaka 2019 juu ya jambo hili hili, na Machi 2024 Tume ya Ulaya ikaitoza Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8.

Jaji wa Oakland alisema kanuni hii haikubaliki kwa sheria ya California juu ya biashara isiyo ya haki, akaamuru iondolewe. Nami nikalitazama tena swali la kijana wetu. Pale sokoni nililipa ushuru wa meza kila asubuhi, mvua na jua. Wakati mwingine uliniumiza. Lakini hata siku moja mwenye soko hakunizuia kumnong'oneza mnunuzi, "Mama, haraka ya nini? Pita nyumbani jioni, nitakupunguzia." Ushuru alinitoza mimi, nami nilijua ni kiasi gani na kwa nini. Angeniziba mdomo, aliyedhulumiwa asingekuwa mimi muuzaji peke yangu. Angekuwa yule mama, tena bila kujua. Mtu anayelipa bei kubwa huku akiijua ndogo, amechagua: labda amechoka, labda anapenda usalama wa pale alipo. Mtu anayelipa bei kubwa kwa kuwa ndogo amefichwa, huyo hakuchagua kitu. Mtu wa kwanza ana haki ya kununua ghali apendavyo. Wa pili ameibiwa, ingawa mkono wa mwizi hauonekani mfukoni.

Utasema, mbona mwenye duka halazimiki kutangaza duka la jirani? Kweli, halazimiki. Halikadhalika mimi sikulazimika kuwatangazia watu nyanya za mwenzangu. Lakini kukaa kimya ni jambo moja, na kumfunga mwingine mdomo ni jambo jingine kabisa. Zaidi ya hayo, yule anayefungwa mdomo ndiye mwenye mali.

Sehemu ya pili ya kisa hiki ni mbaya kuliko ya kwanza. Rufani zilikwenda hadi Januari 2024, Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza kesi. Basi Apple haikuwa na budi kutii. Ikatii hivi: ikaruhusu kitufe cha kumpeleka mnunuzi nje, ila ikasema ye yote atakayenunua huko nje katika muda wa siku 7 tangu abonyeze, muuzaji wake atatozwa 27 kwa mia. Na kwa kuwa huko nje muuzaji hujilipia mwenyewe gharama za kadi za benki, ile nafuu ya 3 iliyeyuka yote. Kisha mnunuzi akibonyeza kitufe, ukurasa mzima wa onyo ulimtokea. Karatasi za ndani zilizoletwa mahakamani baadaye zilionyesha wafanyakazi wakishauriana maneno gani yatamtisha mtu zaidi. Tarehe 30 Aprili 2025 jaji yule yule alisema Apple imevunja amri yake kwa kusudi, na kwamba afisa mmoja wa fedha alisema uongo akiwa chini ya kiapo. Akazuia malipo yote juu ya manunuzi ya nje, akapeleka jambo hilo kwa mwendesha mashtaka wa serikali lichunguzwe. Katika hukumu hiyo aliandika pia ya kuwa mkubwa mmoja wa Apple, Phillip Schiller, alishauri kampuni itii, lakini Tim Cook hakumsikiliza, akawafuata wa idara ya fedha.

Ndugu, jambo hili la kutii bila kutii sote twalijua. Ni mtoto aliyeamriwa arudishe embe la jirani, akarudisha kokwa. Sheria haina dawa nyingi kwa mtu wa namna hii, kwa sababu kila neno la amri amelitimiza, na kila kusudi la amri amelizika. Nilimfikiria Bwana Schiller katika mkutano ule. Si mtu mdogo, na faida ya duka lile ilikuwa kazi yake mwenyewe. Hata hivyo alisema tutii. Hakusikilizwa, na neno lake lisingejulikana kamwe kama jaji asingelazimisha karatasi zitolewe. Fortnite ikarudi katika duka la Apple la Marekani Mei 2025. Mwezi wa Desemba mwaka huo mahakama ya rufani ilikubali ya kwamba Apple ilidharau amri, lakini ikaona kuzuia kila senti ni kupita kiasi, ikarudisha shauri chini ili ipimwe ada gani ni ya haki. Mwaona tumerudi kule kule kwenye mizani isiyokuwapo.

Kwa Google mambo yalikwenda kinyume, na wengi yamewashangaza. Simu za Android hazikufungwa kabisa. Mtu aweza kuweka programu kutoka mahali pengine akivumilia maonyo. Hata hivyo tarehe 11 Desemba 2023, huko San Francisco, jopo la raia kwa kauli moja lilimwona Google ana hatia ya ukiritimba, na Julai 2025 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu. Imekuwaje aliyefunga mlango wote akapona, na aliyeuacha wazi kidogo akapatikana na hatia? Sababu ni nyingi za kisheria, na moja ni kwamba kesi moja iliamuliwa na jaji na nyingine na raia. Lakini raia wale walisikia ya kuwa Google ilisema mlango u wazi, huku ikifanya mapatano ya fedha na wengine wasisimamishe milango yao. Tena walisikia ya kuwa maongezi ya watumishi wake kwenye mtandao yaliachwa yajifute yenyewe, hali kampuni ilijua kesi ipo, jambo ambalo Jaji James Donato alilikemea vikali. Naona hapa, kwa mara nyingine, lililowaudhi watu ni kufichwa.

Juu ya michezo ya kompyuta sitakawia. Duka kubwa huko ni Steam, la kampuni ya Valve, nalo pia hutoza 30. Ila tangu 2018 mchezo uliovuka mapato ya dola milioni 10 hutozwa 25 kwa yanayozidi hapo, na uliovuka milioni 50 hutozwa 20. Yaani tajiri ndiye anayepunguziwa. Kampuni ndogo ya Wolfire iliishtaki Valve mwaka 2021, ikidai kwamba muuzaji hubanwa asiuze kwa bei nafuu zaidi katika maduka mengine. Valve inakana. Likithibitika, litakuwa ni binamu wa lile la kufungwa mdomo.

Nataka kukaa zaidi juu ya jambo ambalo katika kelele hizi zote halikutajwa sana. Fedha hizi hutoka wapi? Katika hukumu ya 2021 imeandikwa ya kwamba karibu 70 kwa mia ya mapato ya duka la Apple yalitokana na michezo, na kwamba yalilipwa na watu wasiofika 10 kwa mia ya wateja wake. Wengine, zaidi ya 80 kwa mia, walikuwa karibu hawalipi kitu. Basi mimi na wewe tunaopakua programu za bure tumebebwa mgongoni na kikundi kidogo cha wachezaji wasioweza kuacha. Na baadhi yao ni watoto.

Januari 2014 tume ya serikali ya Marekani inayowalinda wanunuzi iliifanya Apple irudishe kwa wazazi si chini ya dola milioni 32.5. Ilikuwa hivi: mzazi akiisha kuandika neno lake la siri mara moja, mtoto aliweza kununua kwa dakika 15 bila kuulizwa tena, na mzazi hakuambiwa. Septemba mwaka huo Google nayo ikakubali kurudisha si chini ya dola milioni 19 kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Na Epic, mtetezi wa wanunuzi? Desemba 2022 alikubali kutoa dola milioni 520. Katika hizo, milioni 275 zilikuwa adhabu juu ya kukusanya habari za watoto walio chini ya miaka 13, na milioni 245 za kuwarudishia watu waliotozwa pasipo kutaka. Tume ilisema vitufe vya Fortnite vilipangwa hata mtu akatozwa kwa mbonyezo mmoja, wakati mwingine akiwa anauamsha tu mchezo uliolala. Na wale waliolalamika kwa kampuni za kadi za benki walifungiwa akaunti zao pamoja na vyote walivyokwisha kununua. Watatu wote, basi, waliosimama mahakamani wakigombea 30 iende kwa nani, kila mmoja kwa wakati wake alikubali kurudisha fedha zilizochukuliwa kwa vidole vya watoto.

Jumapili iliyofuata kijana wetu aliningoja pale pale chini ya mwembe. Nilimwambia ya kwamba juu ya 15 yake, au hata 30, mimi sina mizani. Juu ya kuzibwa mdomo, namwunga mkono kwa moyo wote. Akafurahi. Kisha nikamwuliza katika mchezo wake huuza nini. Akasema mchezaji akishindwa mara tatu, mchezo hujifunga mpaka kesho, ila akilipa kidogo hufunguliwa papo hapo. Nikamwuliza kama mahali pa kulipia huandika kwa maandishi makubwa ya kwamba kesho hufunguliwa bure. Akanyamaza, akaitoa simu mfukoni, akaanza kuutafuta ukurasa ule anionyeshe, na mpaka kengele ya ibada ya pili ilipolia alikuwa bado anautazama.